Fundi Aliyezima Tumbo

Mlangoni palikuwa na kibao kikubwa: TAFADHALI GUSA. Fundi alikisoma, akarudia kukisoma, kisha akamgeukia binti aliyesimama kando yake kana kwamba yeye ndiye aliyekiandika.

"Hawa wamekosea," akasema. "Makumbusho ninayoyajua mimi, ukinyoosha kidole tu mlinzi anakohoa."

"Hawajakosea," binti akajibu bila kumtazama. "Hapa kila kitu kinaguswa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Fundi akatia mikono mifukoni. Alikuwa fundi umeme wa majumba, na katika kazi yake mtu anayegusa kila kitu huwa hazeeki.

Binti huyo aliitwa Shangazi, ingawa alikuwa na miaka tisa tu. Alipewa jina la dada ya baba yake, na pamoja na jina akachukua na ukali, na ile namna ya kukunja mdomo mtu anapoanza kuzungushazungusha maneno. Mdogo wake wa kiume walimwita Mkia, kwa sababu popote alipo dada yake, yeye yuko nyuma. Mama yao aliuza kwenye duka la dawa. Fundi aliitwa pale siku moja kubadilisha swichi ya taa, na tangu siku hiyo akawa anapita kila jioni kuangalia kama swichi bado nzima, mpaka wateja wakaanza kuulizana ni swichi ya namna gani hiyo inayouguzwa kuliko wagonjwa.

Sasa mambo yalikuwa yamefika penyewe. Baba ya watoto alikwisha kuoa kwingine na kutulia huko, mama alikwisha kuchoka kukaa peke yake, na fundi alikwisha kuuliza swali lake, kwa kigugumizi, katikati ya rafu za dawa za kikohozi.

"Mimi kwa upande wangu nimekubali," mama alimjibu. "Lakini ile nyumba si yangu peke yangu. Mkia ni wako tangu ulipomfundisha kukunja waya. Mwenye neno ni Shangazi. Shinda nao Jumamosi, wewe na wao tu, mimi niko kazini. Jioni nitamuuliza. Akisema hapana, basi tutaendelea kusalimiana hapa hapa, wewe na swichi zako, mimi na vidonge vyangu. Sitamburuta mtoto wangu."

Ndiyo maana fundi alikuwa amevaa shati la kwendea harusini, na ndiyo maana kila baada ya dakika chache alimwibia Shangazi jicho, kama mtu anayechungulia chungu kuona kama kimechemka. Lakini uso wa Shangazi haukuwa na mvuke. Tena tangu asubuhi hakuwa amemwita chochote. Si baba, si mjomba, si fundi. Akitaka kusema naye alianzia maneno katikati, kama mtu anayedandia gari linalotembea.

Wakaingia.

Chumba cha kwanza kilikuwa kimepinduliwa. Meza, viti na kitanda vilining'inia darini, na sahani zimepangwa juu ya ile meza bila kuanguka. Taa ilikuwa imeota sakafuni kama uyoga. Fundi nusura aikanyage. Akaruka, akasema "samahani," kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemsikia akiiomba taa radhi. Mkia alimsikia. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa waya wake umepita wapi?" fundi akauliza. Akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni.

"Simama," Shangazi akasema. "Watu wanaangalia."

Chumba cha pili, vivuli vilikuwa vinabaki ukutani. Unasimama, taa inamulika, unaondoka, kivuli chako unakiacha. Fundi akasimama, akaondoka, akageuka. Tumbo lake lilikuwa bado liko pale ukutani, peke yake, limetulia kama mgeni aliyezoea.

"Ee," akasema. "Kumbe ndivyo ninavyoonekana kwa ubavu? Na mama yenu anajua?"

Mkia akacheka tena. Shangazi akakunja mdomo.

Alijitahidi, maskini. Alifungua bomba apate maji ya kunywa, bomba likaimba. Alikaa kwenye kiti, kiti kikakoroma. Mwishowe akawa hajui kipi ni cha kuchezea na kipi ni cha kweli. Pembeni mwa ukumbi alimwona mwanamume amesimama wima, macho ameyafumba, mfuko wa juisi mkononi. Fundi akamzunguka, akamtazama masikio, akambonyeza begani kwa kidole.

Yule mwanamume akashtuka. "Vipi?"

"Samahani, ndugu yangu. Nilidhani wewe ni wa makumbusho."

"Nina watoto wanne humu ndani," yule akasema, akafumba macho tena. "Labda mimi ni wa makumbusho kweli."

Basi hapo ndipo walipofika kwenye ukumbi wa mwili.

Ukumbi huo haukuwa na dirisha hata moja. Ndani yake lilikuwa limelala jitu la plastiki na turubai, kubwa kuliko lori, mdomo wazi. Watoto waliingia kwa kupanda ulimi wa sponji, wakapita katikati ya meno, wakatelezea kooni, wakaangukia tumboni, kisha wakatambaa kwenye utumbo uliozunguka ukumbi mzima kama mpira wa maji uliotupwa, na mwisho wakatokea kule ambako chakula chochote hutokea. Katikati ulikuwa umening'inia moyo mwekundu wenye taa, ukipiga du-du, du-du, mlio ukasikika jengo zima. Kwenye ulimi palikuwa na maandishi: WATOTO TU.

"Mimi naingia," Shangazi akasema.

"Na mimi," akasema Mkia.

"Wewe subiri. Nitangulie nione."

Akavua viatu, akamezwa. Fundi na Mkia wakazunguka kwenda kumsubiri upande wa pili. Walimezwa watoto wengine baada yake, wakatokea. Mapacha wakatokea. Kijana mnene mwenye miwani akatokea bila miwani, akarudi kuifuata, akatokea nayo. Shangazi hakutokea.

"Dada yako ana kawaida ya kuchelewa?"

"Hapana," Mkia akasema. "Yeye huwa ananichelewesha mimi, halafu ananigombeza."

Fundi akaanza kutembea kando ya utumbo, akiugongagonga. "Shangazi! Shangazi!" Watu wazima kadhaa wakageuka, wakatafuta kwa macho mama wa makamo.

Ndipo akaisikia ile sauti. Tss. Kra-kra. Tsss. Ilitoka ndani, kwenye kona ya kwanza ya utumbo, na kila ilipolia mwanga mdogo wa manjano ulimetameta nyuma ya turubai, ukafifia, ukameta tena. Fundi akasogeza sikio. Mtu mwingine angesikia mlio tu. Yeye alisikia waya uliochubuka, unaogusa mahali usipopaswa kugusa, na umezungukwa na plastiki. Na ndani ya plastiki, mtoto wa watu.

Sasa fundi ana desturi yake moja ya kazi, na ameifuata tangu alipokuwa mwanafunzi wa ufundi: zima kwanza, maswali baadaye. Vijana aliowafundisha walimcheka kwa hilo. Aliwahi kuizimia umeme harusi nzima kwa sababu ya taa moja iliyopepesa. Wala hakufikiri. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuona, tangu walipoingia, pazia lililojitokeza kidogo ukutani kando ya mtungi wa kuzimia moto, na nyuma ya pazia kama hilo siku zote hukaa boksi la umeme. Lilikuwa na kufuli la kufunguliwa kwa bisibisi. Na bisibisi fundi hutembea nayo kama wengine wanavyotembea na kitana.

Akafungua. Akaishika swichi kubwa. Akaiteremsha.

Moyo ukasimama.

Giza liliingia jengo zima kwa mpigo. Kisha watoto wote wakapiga kelele, kisha wakacheka, kisha, ajabu, wakapiga makofi. Walidhani nayo ni sehemu ya mchezo. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake, "Mama, jitu limekufa?" na mama akamjibu, "Subiri, litafufuka," kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

Tochi ikaja mbio. Nyuma ya tochi alikuwa mhudumu wa ukumbi, mwanamke mwenye fulana ya rangi ya chungwa.

"Nani amegusa hapa?"

"Mlisema tuguse," fundi akajibu.

"Si hapa, mzee wangu! Hapa siyo ya kuguswa!"

"Sasa dada yangu, mtu atajuaje?"

Mhudumu akamulika ukutani. Ni kweli hapakuwa na kibao. "Haya, washa."

"Siwashi. Kuna shoti humo ndani, na Shangazi yumo."

"Shangazi yako ameingia kwenye utumbo?"

"Siyo shangazi yangu. Ni mtoto. Ni mtoto wa... ni mtoto niliyekuja naye."

"Mzee wangu, nisikilize. Ule mlio ni wa kurekodi. Ni tumbo lenye njaa linanguruma."

"Njaa naijua, dada yangu, nimelala nayo. Ile siyo njaa. Ile ni shoti."

Mhudumu akanyoosha mkono kwenye swichi. Fundi akasimama katikati, mgongo kwenye boksi. Hakuwa mtu wa ugomvi, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Kwanza nimtoe. Nikitoka naye, washa hata mara kumi, nifukuze, niitie polisi. Lakini mpaka hapo, hii usiiguse. Mkia, mshike mkono huyu dada. Usimwachie. Ukiona anaisogelea, lia."

"Nilie sasa hivi?" Mkia akauliza.

"Akisogea."

Fundi akavua viatu vyake vya harusini, akaupanda ulimi.

Meno aliyapita kwa ubavu. Kooni aliteleza kuliko alivyotarajia, akaangukia tumboni kwa kishindo, juu ya ndizi na karoti za sponji. Akapapasa gizani mpaka akapata tundu la utumbo. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Likaja tumbo lake, ule utumbo ukakataa.

Akasukuma mbele. Wapi. Akarudi nyuma. Wapi. Akawa amelala pale, nusu ameliwa na nusu bado, anahema kama pampu ya baiskeli.

"Shangazi!"

"Nani?" Sauti ilitoka karibu kabisa, mbele yake.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Hapo fundi akakwama mara ya pili. Ajiite nani? Aliyatazama majina yote anayoyajua gizani mle, hakuona lililo lake. "Huyu... huyu mliyekuja naye."

"Aa," Shangazi akasema. "Umefuata nini huku? Pameandikwa watoto tu."

"Nimekufuata wewe."

"Mimi sijapotea."

"Mbona hukutoka?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Unafanya nini?"

"Nafikiria."

"Gizani?"

"Halikuwepo giza nilipoanza. Limenikuta."

"Ni mimi nimezima," fundi akasema. "Nilisikia shoti. Kra-kra. Nikajua waya unaungua na wewe uko humu."

"Ile kra-kra? Hiyo ni spika. Nimeiegemea hapa. Ilikuwa inanitekenya mgongo. Na taa ya manjano iko juu yake."

"Spika?"

"Leta mkono." Vidole vidogo vikamshika kifundo cha mkono, vikamwongoza gizani. Akapapasa. Wavu wa chuma, mviringo, skrubu nne kwenye pembe zake. Ilikuwa spika. Fundi akaacha mkono wake pale pale juu yake, kwa kuwa hakujua aupeleke wapi tena.

"Umezima nyumba nzima kwa ajili ya spika," Shangazi akasema.

"Ndiyo."

"Na watu wote?"

"Na watu wote. Na moyo."

Fundi akasubiri Shangazi acheke. Hakucheka.

"Ulikuwa unafikiria nini?" akamuuliza.

"Nitakachomwambia mama."

Ndani ya jitu lile moyo ulikuwa umezimwa, kwa hiyo uliosikika ukidunda mle haukuwa wa jitu. "Ukafika wapi?"

"Sijafika. Mkia anakupenda. Lakini Mkia anampenda hata yule mbwa aliyemuuma. Mimi sikuelewi. Kila kitu wewe ni kichekesho. Taa, kichekesho. Kivuli, kichekesho. Sijui unacheka kwa sababu umefurahi au vipi."

"Sasa hivi sicheki."

"Kwa sababu umekwama."

"Kwa sababu naogopa."

"Unaogopa giza?"

"Giza ni kazi yangu. Nakuogopa wewe."

"Mimi ni mtoto!"

"Hapo ndipo unaponichanganya."

Shangazi akatoa sauti puani. Fundi hakuweza kujua ni kicheko au mafua. Kisha akaisikia ile sauti kali ya dada ya baba, imetoka yote kwenye kifua kidogo: "Haya, toa pumzi. Usivute! Unavuta wakati nimesema utoe. Legeza mkanda. Umelegeza? Sasa nyoosha mikono yote miwili mbele, kama unaogelea."

"Sijui kuogelea."

"Kama unaomba kubebwa, basi."

Akanyoosha. Shangazi akamshika mikono yote miwili, akaegemeza miguu yake ukutani, akavuta. Kitu kikalia kwenye shati, labda mshono. Tumbo likapita. Wakatambaa, yeye mbele akiita kona, "Kulia! Sasa kushoto, kichwa chini," na fundi nyuma akitii kila neno, mkono mmoja umeshika pindo la gauni lake kwa sababu hakuwa anaona hata pua yake.

Walipotokea mwisho wa safari ya chakula, tochi zilikuwa zimejaa na watu wamesimama kama kwenye mapokezi ya uwanja wa ndege. Walimpigia makofi Shangazi. Kwa fundi walisita kidogo, kisha wakapiga zaidi, maana alitoka kwa shida. Mkia alikuwa bado amemshika mhudumu mkono.

"Hakusogea," akatoa taarifa.

"Washa, dada yangu," fundi akasema.

Mhudumu akawasha. Taa, du-du, du-du, na kutoka kona ya kwanza, tss, kra-kra, tsss. Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kulisikiliza tumbo lile. Kwa masikio yake ilikuwa bado ni shoti. Kwa mkono wake ilikuwa spika. Akasimama pale katikati ya masikio na mkono, hajui amwamini nani.

"Nimekosea," akasema mwishowe. "Nisamehe. Nisameheni nyote."

Mhudumu alimtazama shati lililochanika kwapani, soksi zenye vumbi, uso. "Mzee wangu," akasema taratibu, "sitaita mtu. Lakini kwa leo, naomba muwe mmemaliza."

"Tumemaliza," Shangazi akasema kabla fundi hajajibu. "Tunaondoka naye." Akamshika mkono wa shati, upande uliobaki mzima, akamwongoza mpaka mlangoni. Kila fundi alipogeuza shingo kutazama swichi yoyote ukutani, Shangazi alimvuta.

Njiani aliyeongea ni Mkia peke yake. Shangazi alikuwa kimya, na fundi akakihesabu kile kimya kuwa hukumu. Akaanza kujizoeza moyoni namna ya kupita mbele ya duka la dawa bila kutazama ndani.

Mama alirudi kutoka kazini akawakuta sebuleni, wamekaa kwa mstari kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Akaliona shati. Akaona ni heri aanze na mtoto.

"Haya, Shangazi. Nieleze."

Shangazi alikunywa maji kwanza. Alikunywa yote. "Aliiomba taa radhi," akasema.

"Ehe."

"Akambonyeza mtu akidhani ni sanamu. Halafu akazima umeme wa makumbusho yote kwa sababu ya spika. Halafu akaingia tumboni, akakwama."

Mama akamgeukia fundi. "Tumboni mwa nani?"

"Ni habari ndefu," fundi akasema.

"Alikuja kunichukua," Shangazi akaendelea, "na mimi sikuwa nimepotea. Ikabidi mimi ndiye nimtoe." Akaweka glasi mezani. "Mama, huyu hawezi kuachwa peke yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nimeshasema." Akaenda chumbani. Mkia akasimama, akawatazama wakubwa wawili, akaona hapana faida, akamfuata dada yake.

Fundi alikuwa ameinuka. Alitafuta mahali pa kuweka mikono, hakupata. "Sasa hapo," akauliza kwa sauti ya chini, "amekataa?"

Mama akamtazama. Alikuwa amekaza midomo, na macho yamejaa machozi, na fundi hakujua ni machozi ya namna gani.

"Nikuulize," mama akasema. "Kule kwako unakaa na nani?"

"Si unajua. Peke yangu."

"Na mtoto amesema nini?"

Fundi akalifuata lile neno taratibu, kama anavyofuata waya ndani ya ukuta wa nyumba ya mtu mwingine: hapa limeingia, pale limepinda, kule limetokea. Alifika mwisho wake, hakuamini, akarudi mwanzo akalifuata tena. Hakujua kama ametukanwa au ameposwa.

"Kaa chini," mama akamwambia, akaenda kutafuta sindano na uzi. "Na hilo shati livue. Mtoto akikuona hivyo atabadilisha mawazo."

Fundi akakaa. Halafu akasimama, akavua shati, akakaa tena.